Pipa la Mwisho la Seweryn

Mwonjaji wa bia hapaswi kunywa kahawa asubuhi ya kuonja, wala kula soseji ya moshi, wala kujipaka manukato, wala kugombana na mtu. Hayo manne Longina Wasiluk aliyajua kuliko sala zake, maana alikuwa ameonja bia katika kiwanda cha Lipniki kwa miaka ishirini na saba. Asubuhi ile ya Januari alikula kipande cha mkate mkavu kwa maji ya vuguvugu, akavaa gauni lake la bluu la kwendea kanisani, akafunga mlango. Wa kugombana naye hakuwepo.

Sisi watu wa Lipniki tuna tabia moja mbaya tunayoiita heshima. Mtu akifa, mbele ya wafiwa tunaliogopa jina lake kama kwamba litatuuma. Mwezi wa kwanza tunasema "marehemu", wa pili tunasema "yule wako", wa tatu tunazungumzia theluji. Seweryn, mume wa Longina, alikuwa mpishi mkuu wa bia hapa kwetu tangu mapipa yalipokuwa yakivutwa na farasi, au ndivyo alivyopenda kudai. Alifariki Februari iliyopita. Theluji ilipoyeyuka, hakuna aliyemtaja tena mbele ya mjane wake. Dukani walimuuliza Longina habari za goti. Kanisani walimuuliza habari za binti yake aliyeko Norway. Binti mwenyewe alipiga simu kila Jumapili, na mama akianza tu kusema "Baba yako alikuwa...", binti alikumbuka ghafla kwamba kuna kitu kinaungua jikoni. Katika miezi kumi na moja, jikoni kwa yule mtoto kumeungua vyakula vingi sana.

Walidhani wanamhurumia. Longina aliona wanamzika mumewe mara ya pili, na mara hii bila hata padri.

Mkesha wa Krismasi aliandaa sahani mbili, yake na ile ya mgeni asiyetarajiwa, maana kwetu sahani ya mgeni huwekwa hata kama nyumbani kuna mtu mmoja. Alikula supu ya bitiruti, akala samaki, akaitazama ile sahani nyingine. Mgeni hakuja, kama kawaida yake. Longina aliiosha sahani safi, akaifuta, akairudisha kabatini.

Kwa hiyo alibakiwa na tumaini moja tu, nalo lilikuwa limelala chini ya ardhi, kwenye ghala la kiwanda, upande wa kushoto. Pipa la nne.

Oktoba ya mwaka juzi Seweryn alipika bia nyeusi nzito, ile kali inayopikwa nchi za baridi, ambayo glasi moja inakutosha na ya pili inakusemesha. Akaijaza mwenyewe kwenye pipa la mwaloni lililowahi kuwekwa pombe ya plamu. Wiki hiyohiyo msaidizi wake, Dobromir, alijaza la kwake, pipa la tano, bia ya kwanza aliyoipika bila kushikwa mkono. Kabla ya Krismasi Seweryn alilazwa. Madaktari walisema ugonjwa ni wa siku nyingi. Mwenyewe alisema umeanza jana. Februari akaenda zake, na mapipa yakabaki yamelala, maana utaratibu wa kwetu ni kwamba pipa likizibwa haliguswi kwa mwaka mzima na zaidi.

Dobromir ndiye mpishi mkuu sasa. Ni mtu wa miaka arobaini, mpole, mwenye ndevu anazozichana kuliko mkewe anavyochana nywele. Yeye ndiye aliyempa Longina ahadi.

"Mama," alimwambia, "pipa la nne likipita kwenye kuonja, sitalichanganya na lingine. Nitalitia kwenye chupa peke yake, na lebo nitaiandika jina la aliyelijaza. Basi. Tutalifungua kwenye sherehe ya mwisho wa mwezi."

Sherehe hiyo ya bia nyeusi huleta watu wa parokia nne. Longina aliiona kama iko mbele yake: foleni ndefu, makoti, pua nyekundu, na kila mmoja akifika mbele analazimika kufungua mdomo na kusema, nipe Seweryn moja. Nipe Seweryn mbili. Mzee Fulani kamaliza Seweryn wake, mwongezee. Siku nzima, jina la mumewe kwenye midomo ya watu. Alilitaka hilo kuliko alivyotaka afya.

"Lakini naona safari hii usionje," Dobromir aliongeza. "Si kwa ubaya. Utaumia bure."

"Usionje nani? Mimi?"

"Mama, ni bia ya... ni pipa la yule wako."

"Ndiyo maana nitaonja. Nimeishi na bia za mtu yule miaka thelathini na minne. Nipe glasi mia, nizibe macho, nitakuonyesha yake iko wapi. Nyinyi wengine mnaonja kwa ulimi tu."

Dobromir alichana ndevu kwa vidole.

Basi asubuhi ile ya kuonja akafika kiwandani saa nne, wakati ulimi uko macho na tumbo halijaanza kudai. Chumba cha kuonjea ni kidogo, kina dirisha moja na meza tatu zilizotengwa kwa mbao ili mtu asichungulie uso wa mwenzake. Waonjaji walikuwa watatu. Longina mwenyewe. Otylia, karani wa ofisini, mwanamke mwembamba mwenye pua ambayo kiwanda kingepaswa kuikatia bima. Na Walenty, fundi wa mitambo, rafiki wa Seweryn wa tangu utotoni, ambaye aliingizwa kwenye uonjaji kwa sababu walihitaji mtu mmoja anayependa bia kwa moyo mweupe.

"Shemeji, umependeza," Walenty alisema. "Tunaonja au tunafunga ndoa?"

"Na wewe? Nani atakutaka na hiyo sweta?"

"Hii sweta ina historia."

"Ina harufu pia," Otylia alisema. "Kaa mbali, nifanye kazi."

Dobromir aliingia na sinia. Yeye siku hiyo haonji. Kazi yake ni kumimina na kuficha siri. Kila mwonjaji aliwekewa glasi tatu, na chini ya kila glasi namba isiyo na maana yoyote: 318, 742, 506. Moja ni pipa la nne, moja ni la tano. Ya tatu ni mtego, bia nyeusi ya dukani iliyonunuliwa popote, ili mwonjaji mwenye majivuno ashikwe. Kila mtu anaandika yake kimya kimya. Hakuna kukohoa kwa maana, hakuna kuguna.

Na kuna sharti moja limebandikwa mlangoni, mwandiko wa Seweryn, wino umefifia: Sauti moja inatosha kumwaga, mradi iandike sababu. Kura za wengi hazikumsumbua. Alisema ubovu hauhesabiwi vichwa. Mmoja akiuona, upo. Mwaka fulani Otylia aliandika neno moja tu, "panya", kwenye pipa ambalo kila mtu alilisifu, na Seweryn akalimwaga siku hiyohiyo bila kumuuliza panya gani. Chema chajiuza, alisema, kibaya chajitembeza, na mimi sina miguu ya kukitembeza.

Longina alianza na 318. Aliitazama kwenye mwanga wa dirisha, nyeusi mpaka katikati, nyekundu kidogo ukingoni. Povu la rangi ya kahawia lilikaa kidogo likaondoka. Alinusa mara tatu fupi, akapumzika, akanusa tena. Kimea kilichokaangwa vizuri, chokoleti, mwaloni mwingi kuliko inavyotakiwa. Alipoinywa ilimpasha kifua lakini ilikuwa na haraka, kama mtu anayejibu kabla hujamaliza swali. Bia nzima, changa. Akaipa alama za haki, akatafuna mkate usio na chumvi.

Akashika 742. Pua yake haikufika hata kwenye ukingo wa glasi, moyo ukamruka.

Plamu kavu. Sukari iliyoungua kwenye sufuria. Ganda la mkate wa shayiri lililotoka kwenye oveni, na nyuma kabisa moshi mwembamba wa kuni. Ilikuwa harufu ya koti lake, la Seweryn, alipoingia jioni na baridi ikaingia pamoja naye. Longina alimeza kidogo. Ilikuwa laini, tamu bila kuchosha, na ukali wake ulikuja mwisho, polepole, ukakaa. Macho yakamlowa, akashukuru kwa zile mbao za kuwatenga. Huyu hapa, alisema moyoni. Huyu hapa, nilijua nitakuona. Alitaka kuimaliza glasi nzima, akajizuia kwa adabu ya kazi. Aliandika alama za juu kabisa, alama ambazo katika miaka ishirini na saba alizitoa mara mbili tu.

Kwa hiyo alipoichukua 506 alikuwa mtu mwenye furaha, na mwenye furaha ni hakimu mkali kwa wengine. Harufu yake haikuwa mbaya. Kwanza alidhani itapita. Lakini alipoishikilia mdomoni, pembeni mwa ulimi kilichoma kitu chembamba, kikarudi tena baada ya kumeza. Siki. Kidogo sana, mtu wa sherehe asingeijua, angesema bia ina uchangamfu. Longina aliijua. Pipa limepitisha hewa, na hewa haina msamaha. Baada ya miezi mitatu kwenye chupa, bia hii itafaa kuwekea matango.

Akamfikiria Dobromir na ndevu zake. Maskini, pipa lake la kwanza. Nafsi yake ilimhurumia na kumcheka kwa wakati mmoja, maana huyu ndiye aliyetaka kumwambia asionje. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Akaandika kwa herufi kubwa, bila kusita: SIKI. HEWA IMEINGIA. IMWAGWE.

Walimaliza. Karatasi zikageuzwa. Dobromir alizikusanya, akazisoma amesimama, na Longina aliona shingo yake inabadilika rangi. Akafurahi kidogo, Mungu amsamehe.

"Haya, sema," Walenty alisema. "Mimi zote zimeingia vizuri, nimeandika hivyohivyo."

"Wewe hata mafuta ya mashine yangeingia vizuri," Otylia alimjibu. "Mimi nimepitisha zote tatu. Lakini 506 ina kitu. Nimekitafutia jina nikalikosa."

"318 ni pipa la tano," Dobromir alisema. "La kwangu."

Longina alisubiri.

"742 ni mtego. Nimeinunua jana pale dukani, karibu na kituo cha mafuta."

Longina alisikia maneno, akayapanga, yakakataa kupangika. Zilibaki namba moja na pipa moja.

"Otylia, Walenty, nendeni mkanywe kahawa," Dobromir alisema.

"Nimeambiwa nisinywe..."

"Walenty. Nenda."

Wakatoka. Dobromir akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza, akaiweka karatasi ya Longina katikati yao.

"Mama. Wawili wamepitisha. Hii karatasi sijaiona."

"Umeiona."

"Naweza kuipeleka kwenye jiko la makaa sasa hivi. Ni siki kidogo, wewe mwenyewe unajua ni kidogo. Sherehe ni baada ya siku tisa. Tunafungua chupa zote siku hiyohiyo, watu wanakunywa, zinaisha. Nani atajua?"

Longina hakuwa anafikiria siki. Alikuwa anaitazama glasi ya 742. Mtu yeyote anaweza kukosea pipa. Lakini yeye alikuwa amemtafuta mumewe katika glasi tatu, akamkuta, akamlilia, kumbe ni bia ya kiwanda fulani cha mbali kinachopika kwa vitufe vya kubonyeza, bia ambayo madereva wa malori hununua pamoja na betri. Na Seweryn mwenyewe alipokuja mbele yake, aliandika amwagwe. Miaka thelathini na minne, na miezi kumi na moja imetosha kumfuta ulimini. Aliwalaumu watu wa Lipniki kwa kulisahau jina. Yeye alikuwa amesahau zaidi.

Aliivuta 506 akanywa tena, mara hii kwa kubembeleza, akimtafuta. Siki. Nyuma ya siki, bia nzuri. Ya nani, hakuweza kuapa.

"Nikikwambia uichome," alisema, "watu watasema nipe Seweryn, na watakuwa wanakunywa bia mbovu."

"Watasema ni nzuri. Wao wanajua nini?"

"Yeye angejua."

Alitaka sana kusema ndiyo, choma; nataka niwe mkweli juu ya hilo, maana baadaye watu wamemfanya shujaa na yeye hapendi. Alikaa dakika nzima na mkono juu ya karatasi. Alifikiria foleni, makoti, pua nyekundu. Kisha akaisukuma kwa Dobromir.

"Ibandike pamoja na nyingine. Tukamwage."

"Leo?"

"Alikuwa anamwaga siku hiyohiyo."

Walishuka ghalani wanne, maana Walenty aliwakuta kwenye ngazi na Otylia alikuwa nyuma yake, na nyuso zao zilionyesha kwamba mlango ule hauzuii sauti. Chini kulikuwa na baridi ile isiyobadilika, kiangazi na kipupwe, na harufu ya mbao zilizolowa. Walenty alifungua mfuniko wa mfereji wa sakafuni. Dobromir alichukua nyundo ya mbao. Mapipa ya kwetu yamelala ubavu, na kizibo kiko juu, kimefunikwa kwa kitambaa kilichofungwa kwa kamba; sampuli huchukuliwa kwenye tundu dogo la msumari kwa mbele, kwa hiyo kizibo chenyewe hakiguswi mpaka mwisho. Kukitoa ni kazi. Unagonga mbao za pipa huku na huku, unagonga, unatukana, mpaka kiruke. Vya Seweryn vilikuwa vinaongoza kwa matusi, maana aliviziba mwenyewe na aliviziba kwa hasira. Mapigo matatu ya nyundo, hakuna msaidizi aliyeruhusiwa kugusa.

Dobromir alifungua kamba, akaondoa kitambaa. Alishika kizibo kwa vidole viwili tu, kukipima kabla ya kugonga.

Kikatoka.

Alibaki nacho mkononi, nyundo iko mkono wa pili haijafanya kitu.

"Labda mbao imesinyaa," Otylia alisema haraka. "Kwa huu ukavu."

Ghalani mle maji yalikuwa yakitiririka ukutani.

Longina alinyoosha mkono akapewa. Kilikuwa kizibo cha kawaida cha mbao, kimelowa chini, kikavu juu. Alikigeuza karibu na taa. Kwenye pipa la tano, pembeni tu, kizibo cha Dobromir kilikuwa na uso uliopondwapondwa kwa nyundo, kama vilivyo vyote. Hiki kilikuwa laini. Hakikuwa na alama hata moja. Mtu alikikandamiza kwa kiganja, kadiri nguvu zake zilivyofika, akakifunika kwa kitambaa, akafunga kamba vizuri ili asije mtu akaona.

Walenty alikitazama juu ya bega lake. Alivua kofia, kitu ambacho hata kanisani hukifanya kwa kuchelewa.

"Seweryn hakuwahi kuacha kizibo bila nyundo," alisema.

Ndivyo jina lake lilivyotamkwa, baada ya miezi kumi na moja. Longina alilisikia, na halikuwa na utamu aliotarajia.

"Kwa hiyo tangu Oktoba," alisema.

Hakuna aliyemwuliza Oktoba gani. Dobromir na Walenty walilizungusha pipa taratibu mpaka tundu likaangalia chini, na bia ikaanza kutoka, nyeusi, nzito, harufu ya plamu ikajaa ghala lote. Ilichukua muda mrefu. Longina alisimama na kizibo mkononi akiangalia inavyoingia mferejini.

Alikuwa anakumbuka jioni moja ya mwezi ule, mwaka juzi, jikoni kwao. Seweryn alirudi kazini, akanawa, akakaa. Longina alimuuliza siku ilikuwaje, akasema mapipa yamekaa vizuri yote. Kisha akauchukua mtungi wa matango ya siki, akajaribu kuuzungusha mfuniko kidogo, akamsogezea mkewe juu ya meza.

"Nifungulie wewe. Mikono yangu ina mafuta."

Longina aliufungua kwa mzunguko mmoja tu.

"Wewe bwana," alimwambia, "siku hizi hata tango linakushinda?"

Wakacheka wote wawili, na yeye Longina ndiye aliyecheka zaidi.